UZI: North Carolina ilipewa mechi ngumu 13, Indiana State ikapewa 5. Tunabishania timu ya 68 na kukiacha kidonda chenyewe

#1. Mleta uzi, Dar es Salaam, Jumatano 19 Machi 2025

Wakuu, habari zenu. Leo nimeamka saa kumi alfajiri kuangalia North Carolina ikiitandika San Diego State 95–68 pale Dayton, Ohio. Filimbi ya mwisho haijapoa, watu wameshaanza: "Mnaona? Kamati ilikuwa sahihi." Nimeshindwa kunyamaza. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwa wageni wa mchezo huu, nifupishe. Kila Machi vyuo vya Marekani hucheza mtoano wa mpira wa kikapu wa NCAA, chama cha michezo cha vyuo vya huko, timu 68. Vyuo vya daraja la kwanza vinazidi 350, vimegawanyika katika ligi ligi, na bingwa wa kila ligi anaingia bila kuombwa. Mwaka huu mabingwa hao ni 31. Nafasi 37 zilizobaki zinagawiwa na kamati ya watu 12: wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makamishna wa ligi. Wanajifungia Indianapolis siku kadhaa, wanapiga kura, kisha majina yanasomwa kwenye televisheni Jumapili jioni kwao, ambayo kwetu ni saa saba usiku kuamkia Jumatatu.

Safari hii timu ya mwisho kuingia ilikuwa North Carolina, na aliyeachwa mlangoni ni West Virginia. Mwenyekiti wa kamati ni Bubba Cunningham, mkurugenzi wa michezo wa North Carolina hiyohiyo. Kesi ya ngedere, hakimu nyani, ndivyo watu walivyoipokea. Gavana wa West Virginia, Patrick Morrisey, aliitisha waandishi wa habari Jumatatu, akasimama nyuma ya bango lililogeuza herufi za NCAA zisomeke kama chama cha mafisadi, na akamtaka mwanasheria mkuu wa jimbo achunguze.

Niseme wazi: mimi sidai kwamba mwenyekiti aliiba. Kanuni inamtaka mjumbe atoke chumbani chuo chake kinapojadiliwa, na alitoka. Makamu wake, Keith Gill, ndiye aliyekuja kuelezea uamuzi ule mbele ya kamera. Hata hivyo, picha haikuwa nzuri, na sijui kwa nini watu wazima 12 hawakuiona mapema.

Sasa tazama rekodi. North Carolina imeshinda 22 na kupoteza 13. Dhidi ya wapinzani wa Kwadi ya 1, yaani mechi ngumu kuliko zote, imeshinda moja na kupoteza 12. Hiyo moja ni UCLA, Desemba pale Madison Square Garden, 76–74. West Virginia imeshinda 19 na kupoteza 13, lakini za Kwadi ya 1 imeshinda sita. Iliwafunga Gonzaga na Arizona kule Bahamas, mechi zote mbili kwa muda wa nyongeza. Ikaenda nyumbani kwa Kansas siku ya mwisho ya mwaka ikashinda 62–61. Ikaifunga Iowa State. Yote hayo huku Tucker DeVries, mchezaji wake bora na mtoto wa kocha, akiwa ameumia baada ya mechi nane tu.

Kamati ina hoja zake. Orodha ya NET, ule mtambo wa kupanga timu uliochukua nafasi ya mtambo wa zamani, RPI, msimu wa 2018–19, iliiweka North Carolina ya 36 na West Virginia ya 51. Na West Virginia ilijiharibia yenyewe kwa kufungwa na Colorado, timu ya mkiani, kwenye mashindano ya ligi yao. Mtu akipiga kura kwa North Carolina simwiti mwizi. Mimi ningempa West Virginia, nawe una haki ya kuona vingine.

Lakini si hapo ninapotaka twende.

Kwadi ya 1 inahesabiwa hivi: ukicheza nyumbani, mpinzani awe wa 1 hadi 30 kwenye NET, kwenye uwanja usio wa mtu, awe wa 1 hadi 50; ugenini, awe wa 1 hadi 75. Ukikaa ligi kubwa, mechi hizo zinakujia zenyewe kila wiki, ratiba inakuletea mlangoni. North Carolina ilipata 13. Imekosa 12 na bado imeingia, kwa sababu kupoteza mechi ya Kwadi ya 1 hakukuumizi sana, na ya kumi na tatu daima iko njiani.

Sasa rudi mwaka jana, 2024. Indiana State, chuo cha Terre Haute alichosoma Larry Bird, kilichofika fainali ya 1979 na kufungwa na Michigan State ya Magic Johnson. Walifika Jumapili ya uteuzi wakiwa wameshinda 28 na kupoteza 6. NET iliwaweka ndani ya 30 bora nchi nzima. Senta wao Robbie Avila, kijana wa miwani mikubwa, alikuwa anagawa pasi utadhani mlinzi. Walipoteza fainali ya ligi yao kwa Drake, 84–80, na hapo ndipo hesabu yao ilipofungwa. Kamati ikawaacha. Mechi za Kwadi ya 1 walizopata msimu mzima ni tano, wakashinda moja.

Mtu atasema: basi, moja kwa tano, hawakuthibitisha. Sawa. Lakini moja kwa tano na moja kwa kumi na tatu, ipi bora? Na kwa nini huyu alipata tano tu? Kwa sababu vyuo vikubwa havikanyagi Terre Haute. Kocha wa chuo kikubwa anajua akienda kwenye ukumbi ule akafungwa, jina lake linachafuka. Akishinda, hakuna anayempongeza. Kwa hiyo haendi. Anawaalika kwake, tena mara moja, bila kurudisha ziara, na ikiwa timu yao ni nzuri mno hata mwaliko hautoki. Anamlipa dhaifu zaidi aje kufungwa. Machi ikifika, wajumbe wanafungua karatasi na kusema: hawajacheza na wakubwa.

Mimi hili nalijua mwilini. Nikiwa kidato cha tatu tulikuwa na timu nzuri ya kikapu. Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi, ring moja imepinda. Wa shule zenye uwanja wa saruji walikataa kuja kwetu wakisema viatu vitaharibika, nasi nauli ya kwenda kwao tulipata mara mbili kwa mwaka. Wakati wa kuchagua timu ya wilaya ya UMISSETA, mwalimu aliyekuwa anachagua alituambia, tena kwa upole kabisa: "Vijana, tatizo ni kwamba hatujawaona mkicheza na timu ngumu." Hakutudanganya. Kweli hawakuwa wametuona. Nilikuwa na miaka 16 na sikujua hata namna ya kumjibu.

Ndiyo maana kelele za timu ya 68 zinanichosha. Gavana wa West Virginia anapigania chuo cha ligi kubwa kilichopokonywa nafasi na chuo cha ligi kubwa. Wale wengine hawana hata gavana wa kusimama nyuma ya bango.

Karibuni.

#2. Mdau, Nairobi

Asante kwa uzi, lakini wacha nikupinge kidogo. North Carolina wameshinda kwa pointi 27. RJ Davis ametia 26. Timu isiyostahili haiwezi kufanya hivyo. Na hii si mara ya kwanza. VCU 2011 walichekwa kwenye televisheni usiku ule ule wa uteuzi, wakaanzia Dayton, wakafika nne bora. George Mason 2006 ilikuwa vivyo hivyo, watangazaji walimkaba mwenyekiti wa kamati hewani. Mason ikawatoa Michigan State, North Carolina na UConn. Kamati inajua kazi yake kuliko sisi tulio kwenye makochi.

#3. Mleta uzi

Ndugu yangu, nimekuelewa, ila hiyo mifano miwili inanisaidia mimi. VCU na George Mason wote walitoka ligi moja ndogo, CAA. Waliochekwa ni wadogo, na wadogo walipofunguliwa mlango ndivyo walivyofanya.

Halafu kuna mtu umemsahau hapo. Mwaka 2006 Hofstra iliifunga George Mason mara mbili ndani ya wiki chache, moja ikiwa nusu fainali ya ligi yao. Mason ikaitwa, Hofstra ikaachwa. Mason ilipofika nne bora dunia nzima ilishangilia, na hakuna aliyeuliza waliomfunga mara mbili wangefika wapi. Timu iliyochaguliwa ikishinda, tunasema ilistahili. Iliyoachwa haina mechi ya kujitetea. Kwa hiyo matokeo ya baadaye hayawezi kuwa ushahidi, maana upande mmoja tu ndio unaoruhusiwa kuuleta.

#4. Mdau, Louisville, Kentucky

Wakubwa, salamu toka huku. Sisi Wakongomani ni wengi mji huu, na watoto wetu wote wamekuwa watu wa kikapu. Mleta uzi amesahau jambo letu. Louisville mwaka uliopita ilishinda mechi 8, ikapoteza 24. Kocha mpya Pat Kelsey amekuja, mwaka mmoja tu, tumeshinda 27, tumepoteza 7, tumefika fainali ya ligi yetu, ACC, na Duke. Kamati ikatupa namba 8! Maana yake mechi ya kwanza unakutana na namba 9, karibu sawa na wewe, na ukipita unamkuta namba 1 wa upande huo, Auburn. Kanisani Jumapili ile hata mchungaji aliongea. Kuchaguliwa peke yake hakutoshi, uliza pia wanakupanga wapi.

#5. Mleta uzi

Kaka wa Louisville, uko sahihi, nilipaswa kuigusa hiyo. Namba 8 kwa timu ya ushindi 27 ni kitendawili, na nadhani sababu yake ni upande wa pili wa kidonda hichohicho. ACC mwaka huu ilikuwa dhaifu, timu nne tu zimeingia, kwa hiyo ushindi wa Louisville ndani ya ligi ulihesabiwa nusu nusu. Mwaka huu hata baadhi ya ligi zenye majina zimeonja wanachoonja wadogo siku zote.

Linganisha na ligi ya SEC. Timu 14 kati ya 16 zimeingia, haijawahi kutokea. Rekodi ya zamani ilikuwa 11 za Big East mwaka 2011. Texas imeshinda mechi 6 na kupoteza 12 ndani ya ligi na imeitwa. Oklahoma vilevile, 6 na 12, ikapewa namba 9. Sibezi: SEC iliwachapa watu Novemba na Desemba kabla ligi haijaanza, na hapo ndipo sifa yao ilipojengwa. Ila baada ya hapo mashine inajiendesha yenyewe. Wengi wao wako juu kwenye NET, kwa hiyo mechi nyingi baina yao ni Kwadi ya 1, kwa hiyo anayefungwa haanguki sana na anayeshinda anapanda. Mtu wa nje hana pa kushika.

Pesa nazo ziko hapo. Kila mechi ambayo timu inacheza kwenye mtoano, isipokuwa fainali, inaingizia ligi yake fungu la takribani dola milioni 2, likilipwa kwa miaka sita. Kwa SEC timu moja ya ziada ni nyongeza. Kwa ligi ya Indiana State, timu ya pili ni uhai.

#6. Mdau, Mwanza

Mkuu, swali la kizembe. Kwa nini wasichukue mabingwa wa ligi pekee, yaishe? Bingwa ni bingwa. Hakuna kamati, hakuna kura, hakuna gavana.

#7. Mleta uzi

Si swali la kizembe hata kidogo, na lilishajaribiwa. Mashindano yalianza 1939 na timu nane, na kwa miaka mingi ligi ilitoa timu moja tu. Machi 1974 ikachezwa fainali ya ACC kati ya North Carolina State na Maryland. Muda wa nyongeza, 103–100, wapo wanaoiita mechi bora kuwahi kuchezwa na vyuo. Maryland ilikuwa ya nne nchi nzima. Ikafungwa, ikaenda nyumbani. NC State ikaenda kuchukua ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata, 1975, mashindano yakapanuliwa hadi timu 32 na ligi ikaruhusiwa kutoa zaidi ya moja.

Kwa hiyo nafasi hizi za kuchaguliwa zilizaliwa kwa huruma, ili timu bora isife kwa usiku mmoja mbaya. Indiana State 2024 ilikuwa Maryland ya zama zetu, imefungwa fainali kwa pointi nne. Mlango uliotobolewa kwa ajili ya mtu kama yule sasa unapitisha timu iliyopoteza 12 kati ya 18.

Na bingwa pekee kuna hatari yake pia. Mwaka jana NC State iliingia mashindano ya ACC ikiwa 17 na 14, ikashinda mechi tano ndani ya siku tano, ikabeba kombe, ikafika nne bora ya taifa na DJ Burns wao. Kila bingwa wa ghafla kama yule anakula nafasi ya mtu aliyekuwa ukingoni. Mwaka jana walikuwa kadhaa kwa mpigo, na Indiana State alikuwa miongoni mwa walioliwa.

#8. Mdau, Dodoma

Jamani na Hasheem wetu? Yeye aliwahi kuachwa na kamati?

#9. Mleta uzi

Ndiyo. Wengi humu tuliingia kwenye mchezo huu kwa mlango wa Hasheem Thabeet, kwa hiyo ni vizuri kukumbuka. Mwaka wake wa kwanza, 2007, chuo chake, UConn, kilimaliza 17 na 14 na hakikuitwa popote. Si NCAA, wala hata NIT, yale mashindano ya walioachwa. Walistahili kuachwa, niseme kweli, timu ilikuwa ya watoto watupu. 2008 wakaingia kama namba 4 wakatolewa na San Diego kwa pointi moja, muda wa nyongeza. 2009 wakaingia kama namba 1, wakafika nne bora Detroit, wakafungwa na Michigan State 82–73. Juni yake Hasheem akachaguliwa wa pili NBA na Memphis.

Angalia lakini: UConn iliachwa mwaka mmoja, ikabaki na kocha wake, ikabaki na Hasheem, ikarudi. Shikilia hapo, nitarudi.

#10. Mdau, Nairobi (yule wa #2)

Nimerudi. Ole Miss imewatoa North Carolina Ijumaa, 71–64. Na Texas walifungwa na Xavier palepale Dayton. Sijabadilisha msimamo wote, lakini hiyo hoja ya "aliyeachwa hana mechi ya kujitetea" imenikaa kichwani. Swali langu: wewe ungefanyaje? Kulalamika ni rahisi.

#11. Mleta uzi, Jumatatu 24 Machi

Haki yako kuuliza. Kwanza nikupe silaha ya kunipiga nayo: 16 bora imekamilika jana na timu zote zimetoka ligi nne kubwa. Saba ni za SEC. Hakuna hata mmoja mdogo. Wenye hoja ya "wakubwa ndio bora" wana wiki yao, wafurahi. Sehemu ya sababu ni kwamba siku hizi mchezaji mzuri wa chuo kidogo anahama bila kukaa nje msimu, na wakubwa wana pesa za kumlipa. Kwa hiyo mdogo hana hata muda wa kukomaa.

Ningefanya mambo mawili. Mwaka huu kamati imeongezewa kipimo kinachoitwa WAB, kinachouliza: timu ya ukingoni ingeshinda mechi ngapi kwa ratiba hii hii, na wewe umeshinda ngapi zaidi yake? Hicho ningekiweka mbele ya Kwadi, maana hakihesabu umepewa nafasi ngapi, kinahesabu umezifanyia nini. Moja kwa 13 ingeonekana ilivyo.

La pili ni gumu zaidi. Kwenye karatasi ya kila timu kubwa ningeongeza mstari mmoja: umeenda mara ngapi kwenye ukumbi wa timu 75 bora isiyo ya ligi kubwa? Ikiwa jibu ni sifuri mwaka baada ya mwaka, mjumbe alione hilo anapopiga kura. Wanazungumza kupanua mashindano hadi timu 72 au 76. Bila mstari huo, hizo nafasi mpya zitakwenda kwa timu ya 15 ya ligi ile ile.

#12. Mdau, Dodoma

Ulisema utarudi kwenye hoja ya UConn.

#13. Mleta uzi

Nimerudi. Indiana State baada ya kuachwa walikwenda NIT. Ukumbi wao wa Hulman Center ulijaa hadi watu wakakosa pa kukaa. Walifika fainali, wakafungwa na Seton Hall 79–77, Seton Hall ambao nao walikuwa wameachwa na kamati ile ile. Pointi mbili.

Siku chache baadaye kocha wao, Josh Schertz, alichukuliwa na Saint Louis. Avila akamfuata, na wenzake wengi wa kikosi kile wakatawanyika vyuo vingine. Wale hawakuwa na "mwakani tutarudi". Ile timu ya ushindi 28 ilikuwa na Machi moja tu.

Na wiki iliyopita West Virginia nao wamempoteza kocha wao, Darian DeVries ameenda Indiana, siku mbili baada ya uteuzi.